Breki ya Upande wa Kaka

Jumanne, 1 Oktoba

Muuguzi amenipa daftari hili. Amesema kila siku niandike kaka amekula nini, amekunywa kiasi gani na kama ana vidonda mdomoni, kisha nimwoneshe kila Jumatatu. Nimempa kurasa za mbele. Za nyuma nimejichukulia mimi, maana kuna jambo limenikaba na sina wa kumwambia.

Leo wamemtengenezea barakoa. Nilidhani ni zile za kitambaa. Kumbe ni bamba la plastiki, wanalichovya kwenye maji ya moto mpaka linalegea, halafu watu wawili wanamvutia usoni haraka haraka na kulibonyeza kwenye paji, pua, kidevu na shingo hadi mabegani. Dakika chache tu limekauka, limekuwa sura yake yenye vitundu. Wakati wa matibabu watalibana kwenye kitanda ili kichwa kisitikisike na mionzi ipige palepale inapotakiwa. Kaka aliwaambia, kwa sauti yake ile ya kusikika mtaa wa pili, kwamba miaka ishirini na sita amefundisha watu udereva na hajawahi kuona mkanda wa aina hii. Wote walicheka. Mimi nilitoka nje.

Kaka ni mwalimu wa udereva, mimi ni kinyozi. Kila Jumamosi asubuhi hunijia dukani nimtengeneze ndevu. Mwezi wa pili mwaka huu, nikiwa nampaka sabuni, kidole changu kiligota kwenye uvimbe chini ya taya la kushoto. Ulikuwa mgumu na hausogei. Akaniuliza, "Unauonaje huo?" Vidole vyangu vimepita kwenye shingo za watu miaka ishirini, na siku ile vilishtuka. Mdomo wangu ukasema, "Mtoki tu huo, Kaka. Utapoa." Akashusha pumzi. Nikamaliza kazi, nikamshikia kioo, nikamwambia amependeza.

Alikwenda hospitali mwezi wa tisa, wakati chakula kimeshaanza kumkwama na sikio linamuuma. Saratani imeanzia nyuma ya ulimi na imeshahamia kwenye tezi za shingo. Daktari alisema imekwenda mbali lakini bado inatibika. Mionzi mara thelathini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, na dripu ya dawa kila Jumatano. Alisisitiza asikose hata siku moja, kwa sababu tukikatisha, ugonjwa unapata nafasi ya kuota upya. Alilirudia hilo mara tatu na macho yake yalikuwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye msindikizaji.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeharibu tena, na safari hii kwa mapenzi.

Jana nilikwenda kwake na vifaa vyangu. Nilitaka aanze matibabu akiwa mtanashati, na labda nilitaka pia kufanya jambo moja jema kwenye shingo ile. Nikaziondoa ndevu zote, nikamwacha kidevu kinang'aa. Shemeji alisema mumewe amerudi kama siku ya harusi.

Leo barakoa imekataa kumkaa. Dada wa mashine, huyu mwanamke mtaratibu anayeendesha mtambo wa mionzi, aliibana, akaingiza kidole pembeni, kikapita bila shida. Akauliza nani amemnyoa mgonjwa. Barakoa ilitengenezwa juu ya ndevu nene, na mimi nimeziondoa ndevu, kwa hiyo pamebaki nafasi ya sura kucheza. Itabidi watengeneze nyingine na kupima upya. Kaka ataanza Alhamisi badala ya leo. Mtu mwingine angemletea mgonjwa wake matunda, mimi nimemletea wembe. Kaka alicheka mpaka akakohoa.

Dada wa mashine ameniambia kwamba kuanzia leo wembe usiguse shingo ile.

Alhamisi, 10 Oktoba

Ya kwanza. Dakika kumi na tano. Ametoka na alama za vitundu usoni, akasema hakusikia chochote ila njaa.

Tunakwenda na gari lake la mafunzo, lile lenye breki mbili. Mimi nashika usukani na yeye anakaa kiti cha mwalimu, na mguu wake haujui kwamba yuko likizo ya ugonjwa. Leo amenifungia breki mara nne kabla hatujafika getini. Mimi nina leseni mwaka wa kumi na tisa sasa. Anasema ndiyo, na mwaka wa kumi na tisa bado sitazami kioo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kurasa za mbele: mkate, mayai mawili, maziwa, supu. Yote ni kweli.

Ijumaa, 18 Oktoba

Ya saba. Shemeji anashona kiwandani na zamu yake inaanza saa moja, hivyo huwa haji. Leo alipata ruhusa. Tulipokuwa kwenye benchi la kusubiri akaanza kuwaeleza wenzetu habari zangu. Kwamba nimefunga duka asubuhi zote kwa ajili ya kaka yangu. Kwamba ndugu wa siku hizi hawako hivyo. Mama mmoja aliyemleta mumewe akaniombea maisha marefu. Nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Kila akinisifu natamani kumwambia ukweli, na kila nikihisi hivyo namletea kiti au namchukulia mkoba. Leo nimebeba mkoba wa shemeji muda wote, mwekundu wenye shanga, mpaka kaka akauliza kama nao una miadi na daktari.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua imeanza. Ya kumi, na dripu. Hajatapika.

Jumanne, 29 Oktoba

Ya kumi na nne. Ulimi umetoka vidonda vyeupe. Anasema maji yana ladha ya misumari. Mate yamekuwa mazito, anayavuta kwa kitambaa. Sauti inakatika katikati ya neno, na leo alipotaka kunifokea kwenye mzunguko wa barabara ilitoka pumzi peke yake. Akabaki kunyoosha kidole kwenye kioo.

Ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na inang'aa. Upande wa kushoto ndevu hazioti tena, zinang'oka zenyewe kwenye mto.

Aliniomba nisimwambie muuguzi kwamba hamezi. Wakijua watamtia mrija puani wamlishe kwa bomba, na yeye hataki wanafunzi wake wamwone hivyo. Nikaitikia. Katika kurasa za mbele nimeandika uji vikombe viwili. Alikunywa vijiko vitano na alilia kwa kila kimoja.

Jumatatu, 4 Novemba

Ya kumi na nane. Siku ya mizani. Kabla hatujashuka garini kaka alifungua sanduku la vifaa, akatoa spana ya magurudumu na mkono wa jeki, akanionesha koti lake. Nilielewa mara moja. Nikamsaidia kuvitia ndani ya bitana. Mimi, mtu mzima, nikamfunga na vifungo.

Muuguzi alisoma mizani, akasoma vikombe vyangu vya uji, akatusifu sote wawili.

Kwa nini simkatalii? Nimejiuliza njia nzima. Kazini pia sikatai. Mtu akitaka mtindo usiomfaa, namwekea, namshikia kioo, anaondoka anatabasamu. Lakini kwa kaka ni zaidi ya hilo. Akinitazama tu, naona ile Jumamosi ya mwezi wa pili, na mkono unakwenda wenyewe kutimiza anachotaka.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo hatukwenda.

Mvua ilikuwa ya kumwagika. Tulipokaribia hospitali alikanyaga breki yake, gari likasimama katikati ya maji. Akachukua fomu ya tathmini ya wanafunzi, ameshazoea kuandika nyuma ya fomu hizo sasa, akaandika: Leo tu. Nipumzike leo tu. Shingo ilikuwa imechubuka, shashi imegandia kwenye ukosi. Alinitazama.

Nikageuza gari.

Tulikwenda kwenye uwanja wake wa mafunzo. Tuliegesha tukatazama wanafunzi wa shule nyingine wakirudi kinyumenyume kwenye tope na kuangusha vibendera. Kaka alikuwa anawatolea alama kwa vidole, mbili, tatu, sifuri. Halafu akalala mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima uso wake haukuwa umekunjwa. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo ninaloona aibu nalo zaidi kuliko yote.

Hospitali walipopiga simu nilisema gari limeharibika. Shemeji alipouliza nilisema mashine ya hospitali imeharibika. Nimeharibu vitu viwili vizima kwa siku moja.

Ijumaa, 8 Novemba

Hatukwenda tena. Hakuhitaji hata kuandika.

Jumatatu, 11 Novemba

Shemeji alipata ruhusa na akaja nasi. Usiku kucha sikupata usingizi nikijua hilo, na bado sikupata ujasiri wa kusema lolote njiani. Mvua ilikuwa inanyesha, wiper zinakwenda, yeye kiti cha nyuma anamsugua kaka mabega.

Tulipofika tu alimsalimia dada wa mashine vizuri, akamwuliza kama mashine imeshatengamaa.

"Mashine ipi, mama?"

Shemeji akaeleza. Ile iliyoharibika Alhamisi na Ijumaa. Dada wa mashine alinitazama, na sikuhitaji kutafsiriwa ule mtazamo. Akasema kwa upole kwamba mashine haijalala hata siku moja mwezi huu, na kwamba waliambiwa ni gari.

Kaka alitazama sakafu. Akaitwa kwenye mizani. Muuguzi akamwambia avue koti leo, kwa kuwa limelowa. Alisita, muuguzi akamsaidia, na koti lilipoinuliwa bitana ikaachia. Spana ikaanguka kwenye vigae, ikabingirika mpaka kwenye miguu ya watu wa benchi. Mkono wa jeki ukafuata. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka wote mpaka machozi.

Amepungua kilo tisa.

Muuguzi alifungua kurasa zangu za mbele. Akapitisha kidole taratibu kwenye safu nzima ya uji vikombe viwili, uji vikombe viwili, uji vikombe viwili.

"Vikombe hivi vilikuwa vinakwenda wapi?"

 Daktari aliitwa. Hakugomba. Alieleza kwamba siku mbili zimepotea na mrija lazima uwekwe kesho. Akikosa tena, yeye hawezi kuahidi lolote. Kisha kaka akapelekwa kwenye mionzi, ya ishirini na moja, na mimi na shemeji tukabaki koridoni.

Ningeweza kuishia pale. Kosa la siku mbili na la spana lilitosha kwa mtu mmoja. Lakini mdomo ulishafunguka. Nikamwambia yote, kuanzia sabuni na kidole mpaka neno mtoki. Nilisema nikitazama bango la kunawa mikono.

Alinigeukia. Halafu akauliza, "Mwezi gani?"

"Wa pili."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Wa tatu, wa nne, wa tano. Alihesabu polepole, kila kidole akikikunja, mpaka akafika wa tisa akavitazama vidole saba vilivyokunjwa. Nilitamani anipige.

"Mimi nilikuwa nakutaja kwa watu," alisema. "Nilikuwa nakutaja kwa jina, Shemeji."

Kisha akanyoosha mkono, nikamrudishia mkoba wake. Tulipofika nyumbani alimshusha mumewe mwenyewe. Akanirudia dirishani, akaniambia kesho saa mbili kamili niwe pale, kwa sababu yeye hajui kuendesha na hana mtu mwingine. Aliyasema hayo bila kunitazama.

Jumanne, 12 Novemba

Mrija umewekwa. Kaka alishika mkono wangu wakati unapita puani, halafu akakumbuka kwamba amenuna, akauachia.

Ijumaa, 15 Novemba

Ya ishirini na tano. Kurasa za mbele: maziwa ya kopo kwa mrija, mara sita, nimepima kwa bomba mwenyewe. Shemeji anazikagua kila jioni na kutia sahihi chini.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Ya ishirini na nane. Dripu imeahirishwa, damu yake imeshuka. Hatuzungumzi garini, yeye hawezi na mimi sithubutu. Haniongozi tena wala hanifungii breki. Nimepita taa nyekundu kidogo kwa makusudi ili nione, hakuinua mguu. Niliogopa.

Jumatatu, 25 Novemba

Mguu umeinuka leo.

Tulikuwa hatua mia mbili kutoka getini, foleni inatambaa, mvua imefunika vioo. Kaka akakanyaga breki yake mpaka mwisho. Gari likazimika. Akatoa fomu, akaandika kwa herufi kubwa: BASI. Akapiga mstari chini yake. Halafu akaongeza: Thelathini zinatosha. Nirudishe.

Mwili wangu ukaanza kumtii yeye. Mkono wangu ulishakwenda kwenye gia, nakiri. Nikauondoa. Nikaona kabla ya kumjibu lolote ni lazima anijue mimi ni nani, asiwe anabishana na ndugu mwema ambaye hayupo.

Nikamwambia, "Kaka, ule uvimbe. Niliposema ni mtoki, sikuamini. Vidole vilijua. Niliogopa kukuambia."

 Watu wa nyuma walianza kupiga honi. Kisha akachukua kalamu, akaandika, na kwa kuwa siku hizi hana nguvu ilichukua muda, na nilisoma kila neno lilivyokuwa linatoka.

"Siku tatu kabla yako nilikwenda zahanati. Waliniambia niende hospitali kubwa upesi. Nikaja kwako."

Sikuelewa. Akageuza fomu.

"Nilijua utasema ninachotaka kusikia. Wewe hujawahi kumkatalia mtu."

Miezi tisa nimeomba nisikie kitu kama hicho. Nilidhani kikija nitapumua. Sikupumua. Hakuja kwangu kwa sababu aliamini vidole vyangu. Alijua mdomo wangu ni laini, akanichagua kwa ajili hiyo, na mimi sikumwangusha.

Alikuwa ameshaanza kuandika tena. "Sasa umetua mzigo. Sikuchelewa kwa sababu yako. Geuza gari."

"Hapana."

Sauti ilitoka ndogo. Akaweka mkono sikioni kama anavyowafanyia wanafunzi wanaojibu kwa kunong'ona. Nikarudia.

"Hapana, Kaka. Ukitaka kuacha, ni mwili wako. Ila utaingia umwandikie daktari mwenyewe, halafu umwandikie mkeo. Wakikubali nitakurudisha nyumbani na sitakuuliza. Mimi sitakusemea uongo kwa mtu yeyote tena. Hata nusu neno."

Alikasirika. Sijawahi kumwona kaka akinikasirikia vile tangu nilipovunja baiskeli yake. Alikunja fomu, akanitupia kifuani. Nikawasha gari, likataka kwenda, akakanyaga breki, likazimika. Nikawasha tena. Akakanyaga tena. Mwanamume mmoja akashuka kwenye gari la nyuma na mwavuli, akagonga kioo, akasoma bango la mafunzo ya udereva lililo juu ya paa, akaniambia mimi nisiwe na wasiwasi, kila mtu alianza hivi hivi, niachie klachi taratibu. Nikamshukuru.

Nilizima gari mwenyewe, nikaweka mikono magotini. Nikamwambia nitakaa hapo mpaka mguu wake uchoke.

Tukakaa. Magari yakatuzunguka moja moja, mengine yakitutukana. Nilikuwa natazama goti lake. Suruali inampwaya sasa, goti limekuwa limechongoka, na lilikuwa linatetemeka, kwanza kidogo, kisha mguu mzima. Nililia, na sikujificha. Nilitaka sana kumwambia basi, Kaka, twende nyumbani. Lilikuwa mdomoni kabisa, nikalimeza.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mguu wake ukateleza kwenye pedali, ukaanguka kwenye zulia. Hakuurudisha.

Nikaendesha hatua zile mia mbili. Aliingia kwa daktari peke yake na fomu mpya. Alikaa dakika ishirini, mimi nimesimama nje najiandaa kurudi naye nyumbani. Akatoka, akanipita bila kunitazama, akakunja kushoto, kwenye mlango wa mashine.

Ya thelathini na moja.

Jumanne, 26 Novemba

Ya thelathini na mbili. Hanitazami.

Jumatano, 27 Novemba

Ya thelathini na tatu. Hanitazami, ila nilipotaka kupita lori alinifungia breki.

Alhamisi, 28 Novemba

Thelathini na nne. Shemeji amenipa chai. Aliiweka mezani, akaingia ndani. Nimeinywa yote.

Ijumaa, 29 Novemba

Ya thelathini na tano. Shemeji alikuja. Dada wa mashine alimwuliza kaka kama anataka kuchukua barakoa yake nyumbani, wengine huzichukua. Akatikisa kichwa kwa nguvu.

Daktari alituketisha sote watatu. Alisema mionzi itaendelea kufanya kazi ndani kwa wiki kadhaa, vidonda vitazidi kidogo kabla ya kupungua, na mrija utabaki kwa sasa. Hawezi kutuambia kama imefanikiwa. Picha itapigwa baada ya miezi mitatu. Nilimwuliza kuhusu siku mbili zile. Alinijibu bila kunipamba. Alisema huenda hazitaleta tofauti, na huenda zitaleta, na kwamba hatutajua kamwe.

Halafu akauliza jambo analowauliza wote. Majibu yakija, kama si mazuri, kaka angependa nani aambiwe kwanza? Wengine hutaka mke, wengine hutaka wenyewe. Shemeji alijiweka sawa kwenye kiti. Kaka aliomba karatasi. Aliandika, akampa daktari, na daktari akaisoma, akanigeuzia.

Alikuwa ameandika: "Mwambie huyu mdogo wangu. Ataniambia kama lilivyo."

Nilimtazama kaka, na safari hii naye akanitazama. Haukuwa uso wa kusamehe. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Kuna majibu ya aina mbili, na mojawapo litatoka kinywani mwangu. Daktari aliandika namba yangu ya simu kwenye faili, akaniuliza kama nakubali.

Nikasema ndiyo. Tarehe ni 28 Februari, Ijumaa, saa tatu asubuhi.